Sindano ya Saa Mbili

I

Asubuhi ile kazi yangu ilikuwa kuchagua ukurasa mmoja wa daftari, uwekwe kwenye kabati la kioo, wageni wa uzinduzi wauone. Ukurasa tu. Daktari mzima wa mambo ya dawa, miaka kumi na tisa na panya, nimevaa sweta mbili kwenye baridi ya Lushoto nafunua kurasa kama mtu anayechagua picha za harusi.

Sikuwa nanung'unika, maana daftari zile zilikuwa vita yangu. Nilipigania miaka minne ili maabara yetu iandike kila kitu kwa Kiswahili, kuanzia uzito wa panya hadi sababu ya kifo chake. Kuna profesa mmoja aliyesimama mkutanoni akasema Kiswahili ni lugha ya taarabu na kampeni, haiwezi kubeba sayansi. Nilimjibu kwamba panya wetu wanamwelewa fundi wetu akiwasemesha Kiswahili, hivyo labda tatizo halikuwa la lugha. Watu walicheka. Mimi, Naelijwa Mshana, nilishinda, na sikuacha kujisifu.

Na siku yenyewe ilikuwa kubwa. Kule chini, kwenye tambarare ya Mkomazi, watu mia tatu na kumi na wawili wanaotandika reli walikuwa wanafanya kazi kwa mara ya kwanza katika joto la nyuzi thelathini na nane. Sheria ya Kivuli inasema joto likifika thelathini na tano, kila mtu anaweka zana chini na kuingia kivulini. Kwa jinsi jua lilivyokuwa miaka hiyo, reli ilikuwa imelala kivulini nusu ya mwaka. Sasa watu hao walikuwa na ruhusa maalumu, kwa sababu walikuwa na kipoza.

Kipoza ni kibandiko cha mkononi, kidogo kama kipande cha sabuni ya gesti. Kila siku saa mbili asubuhi kinajifungua chenyewe na kuingiza dawa mwilini, halafu kinapima joto la mtu na kulituma kwetu. Walikuwa wamekivaa wiki tatu, siku za joto la kawaida, wakasema wanasikia raha, wanasikia ubaridi. Msimamizi wao ni mdogo wangu Sifaeli, tumbo moja. Alikuwa hataki kukivaa. Nilimbandika mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, nikamwambia asiniaibishe mbele ya watu.

Saa mbili na nusu nilipata ukurasa niliotaka. Ulikuwa wa jaribio la chumba cha joto, mwandiko wa Mzee Hiza, herufi zimenyooka kama mistari ya viazi shambani. Mzee Hiza Shekiondo ndiye fundi wetu wa panya tangu maabara ilipojengwa. Nikasoma safu ya mwisho, ile ya maoni, ambayo mashine haisomi, nikacheka peke yangu. Namba 5, saa 4, kachemka. Namba 9, saa 4, kachemka. Namba 14, saa 4 na robo, kachemka sana.

Nililijua neno hilo. Magazeti ya michezo huliandika kila wiki timu ikifungwa. Nilipoandaa ripoti, mwaka mmoja nyuma, nilikuwa nimelitafsiri hivi: ameshindwa jaribio la kukimbia kwenye gurudumu.

Mzee Hiza aliingia na ndoo ya maranda.

"Mzee, shikamoo. Hili neno lako litawachekesha wageni," nikamwambia. "Eti panya kachemka. Kumbe na wewe ni mtu wa mpira."

"Marahaba, daktari." Aliweka ndoo chini, akavaa miwani, akasoma. Hakucheka. "Mpira unaingiaje hapa?"

"Si umeandika kachemka? Kashindwa kukimbia?"

"Kashindwa kukimbia wapi, mwanangu? Kachemka. Alikuwa wa moto. Nilimshika na glavu mbili nikasikia moto unapenya, kama nimeshika sufuria kwa tambara." Alinitazama kidogo. "Wale watatu walikufa mkononi mwangu. Nikasema daktari atasoma."

Walikufa, ndiyo, nilikuwa nalijua hilo. Watatu kati ya kumi na wawili. Lakini nilikuwa na majibu yake tayari, na nikayatoa haraka, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kabla hajaulizwa.

"Wale walikufa saa nane baada ya sindano, mzee. Dawa ilikuwa imeshatoka mwilini. Tuliandika ni bahati mbaya."

"Saa nane?" Mzee Hiza alivua miwani. "Niliwachoma saa mbili. Wakafa saa nne. Saa nane inatoka wapi?"

Nilianza kumweleza kwamba mashine imeandika, na nikasimama katikati ya sentensi. Niliangalia ukutani, kwenye saa yetu kubwa ya mshale, kisha nikaangalia pembe ya kompyuta palipoandikwa 08:41.

"Mzee," nikamwuliza, "saa mbili ya lini?"

Alishangaa swali. "Saa mbili. Ya asubuhi. Kwani usiku nakuja kufanya nini huku?"

II

Naomba nieleze jambo hili polepole, kwa kuwa mimi mwenyewe nililielewa haraka mno na liliniumiza.

Dawa iliyomo kwenye kipoza inafanya kazi ya dopamini, ile kemikali ya ubongoni ambayo watu wanaijua kwa mambo ya raha na ulevi. Wasichokijua wengi ni kwamba dopamini inagusa pia sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili. Mchome panya dawa ya namna hiyo kwenye chumba baridi, joto lake linashuka nyuzi mbili ndani ya nusu saa tu. Hilo tuliliona kwa macho, kabla hata ya daftari za Kiswahili. Tukasema, basi na kwenye joto kali litashuka vilevile. Ndivyo tulivyokwenda chumba cha joto tukiwa na jibu mfukoni.

Panya kumi na wawili wa maji matupu walichomwa na mkono wa mashine, ambao unajiandikia saa wenyewe: 08:00. Panya kumi na wawili wa dawa walichomwa na Mzee Hiza, kwa sababu dawa ile inaganda kwenye mirija ya mashine. Yeye aliandika kama sheria yangu ilivyomtaka, kwa Kiswahili: saa 2. Na ile programu ya uchambuzi, iliyotengenezwa ng'ambo, na watu ambao siku yao inaanza usiku wa manane, ikaisoma ile mbili kama mbili. Saa nane za usiku.

Programu ilikuwa inatazama muda wa saa sita tu baada ya sindano, ndio muda wa dawa kufanya kazi. Kwa hiyo ilitazama kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi. Panya ni mtu wa usiku. Kukipambazuka anajikunja kulala na joto lake linashuka lenyewe, taratibu, nyuzi moja hivi. Mchoro ulitoka mzuri kupita kiasi. Niliuweka ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Tulikuwa tumepima panya ambao hawajachomwa sindano.

Nilibadilisha namba moja, 02:00 ikawa 08:00. Nikabonyeza. Mstari wa dawa ulipanda. Thelathini na nane, thelathini na tisa na nusu, arobaini. Ilipotimia saa nne ulifika arobaini na moja na pointi tatu, na mistari mitatu kati ya kumi na miwili ikakatika hapo.

Dawa haikuwa inapoza. Ilikuwa inauambia mwili uache kujitetea. Kwenye baridi mwili unakwenda na baridi, kwenye joto unakwenda na joto, na watu wangu walikuwa wamesimama juani kwenye nyuzi thelathini na nane tangu saa mbili. Nilifungua dirisha la vipoza. Majina mia tatu na kumi na mawili, kila moja na namba yake. Wiki tatu nilizoea kuona thelathini na sita kila mahali. Sasa nilikuwa naona thelathini na nane, na nyingi zilikuwa na mshale mdogo unaoelekea juu.

"Tuwaambie wabandue," alisema Mzee Hiza nyuma yangu.

"Hawawezi." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Mwili ukishazoea dopamini ya kuletewa, ukaunyima ghafla, joto linaruka pia. Tuliona kwa panya. Ndiyo maana tulitengeneza gundi isiyobanduka."

Hapo nikaogopa kabisa. Saa ilikuwa tatu kasoro dakika tano. Panya walikufa saa nne.

III

Mkurugenzi wetu, Profesa Rukia Salehe, alikuwa anapima vitenge viwili mbele ya kioo, kipi kitapendeza kwenye picha. Nilimweleza kwa dakika tatu. Ni mtu mwerevu. Alielewa kwa dakika moja na dakika mbili zilizobaki alikuwa anafikiri mambo mengine.

"Naelijwa, kaa kwanza."

"Sikai, profesa. Naomba idhini yako tusimamishe kazi Mkomazi sasa hivi."

"Kwa mchoro uliouchora robo saa iliyopita?" Alikunja kitenge kimoja vizuri, pembe kwa pembe. "Unajua watakachosema? Hawatasema programu haikujua saa zetu. Watasema Waswahili wameshindwa hata kusoma saa. Daftari zote zitakwenda jalalani, na wewe na mimi juu yake. Miaka kumi hakuna atakayethubutu kuandika namba kwa Kiswahili kwenye maabara yoyote."

Aliyasema yale yale niliyokuwa nayaogopa, na kwa mpangilio ule ule.

"Rudia jaribio," akaendelea. "Panya sita. Saa tano utakuwa na uhakika, nami nitasaini."

"Saa tano watakuwa wameshakufa."

"Mwanadamu si panya. Anatoka jasho, anakunywa maji." Kisha akaongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Mdogo wako yuko huko, sivyo? Mpigie. Mtafutie sababu, atoke juani, apumzike. Hilo sikuzuii, nami sijalisikia. Hawa wengine tusubiri panya."

Sitajitetea. Nilikubali. Sikusema ndiyo, lakini nilitoka bila kusema hapana, na kwa muda wote wa kushuka zile ngazi kumi na nne nilikuwa nawaza uongo gani utamtoa Sifaeli juani bila kuleta maswali. Watu mia tatu na kumi na mmoja sikuwawaza hata mmoja.

IV

Alipokea mara ya pili nilipopiga. Nyuma yake kulikuwa na kelele za vyuma na mtu anaimba.

"Dada! Mbona leo mapema? Wageni wamefika?"

"Sifa, sikiliza. Mama anaumwa. Chukua pikipiki uje nyumbani sasa hivi."

Akacheka kidogo. "Mama yupi? Nimeongea naye saa moja asubuhi, kanituma niwaambie wajukuu wasiwalishe kuku wake mkate." Kisha akaacha kucheka. "Dada, kuna nini?"

Nilimwangalia Mzee Hiza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na vizimba, daftari juu ya magoti, na hakunisaidia kwa lolote. Kwenye kioo cha kompyuta, Mshana Sifaeli alikuwa thelathini na tisa na pointi mbili. Hakuna aliyemzidi.

"Wewe unasikiaje mwilini?"

"Niko fiti. Kichwa kinagonga kidogo na mdomo umekauka. Ila wenzangu wawili wametapika. Tukasema ni maharage ya jana."

Maharage ndiyo yaliyonimaliza. Nilimwambia yote. Nilimwambia saa mbili ya Mzee Hiza na saa mbili ya mashine, nikamwambia panya, nikamwambia hata kwamba nilikuwa nimetaka kumtoa yeye peke yake. Upande wa pili yule mtu alikuwa bado anaimba.

"Na hawa wenzangu?" aliuliza Sifaeli.

"Profesa anasema tusubiri."

"Sijakuuliza profesa."

Aliondoa simu sikioni, nikamsikia anapiga filimbi, ndefu, mara tatu. Vyuma vikanyamaza kimoja kimoja. Aliporudi alisema, "Nimekuweka kwenye spika ya kambi. Waambie mwenyewe. Mimi wakinisikia watadhani nawatania."

Nimehutubia kumbi zenye mawaziri. Siku ile sikuwa na hotuba. Nilitaja jina langu. Nikasema kipoza walichovaa, mimi nimekosea, kwenye joto hili kinapandisha joto la mwili badala ya kulishusha. Nikasema wasikibandue. Waache kila kitu, waingie kwenye makalvati mapya, yale mapito ya maji chini ya tuta, kwenye zege lililolowa, wavue mashati, wajimwagie matenki yote ya maji ya zege, waliozidiwa wawekwe kwenye behewa la barafu la jikoni.

Kisha sauti ya mwanamke, ya mtu mzima, ikauliza bila hasira, "Daktari, panya wenu walikufa wangapi?"

"Watatu kati ya kumi na wawili, mama."

Nilisikia mtu anahesabu kwa sauti ya chini, robo ya mia tatu. Halafu nikasikia miguu, miguu mingi, inakimbia.

V

Kuanzia saa tatu na robo sikuinua macho kwenye kioo. Mzee Hiza alisimama nyuma yangu na daftari, akinisomea majina, nami namtajia namba, naye anaandika. Tulifanya kazi kama tulivyofanya na panya siku zote.

Wageni walifika mapema wakapelekwa kunywa chai. Profesa alishuka, akasimama mlangoni na kitenge chake kipya, akaona kioo. Baada ya muda alitoa simu yake na nikamsikia anaita helikopta ya wagonjwa, kwa jina lake na cheo chake, na sauti yake haikuyumba.

Saa tatu na nusu namba zilianza kusita. Kipunde Amiri, arobaini, arobaini, thelathini na tisa na pointi nane. Mama Mbaga, thelathini na tisa, thelathini na nane na nusu. Zilikuwa zinashuka, safu kwa safu, na mimi nilikuwa nalia huku nasoma, nikipangusa kioo kwa mkono wa sweta.

Namba moja tu ilikuwa inapanda.

Nilimpigia Sifaeli. Alipokea muuguzi wa kambi, Bi. Riziki. Alisema msimamizi alikuwa anawabeba walioanguka kwenye tuta, kawabeba tisa, na sasa na yeye kakaa chini.

"Muweke kwenye barafu," nikasema. "Sasa hivi."

"Yumo kwenye barafu, daktari. Tumemfunika mpaka shingoni." Akaongeza, "Lakini huyu ana viwili."

"Viwili nini?"

"Vipoza. Kimoja kila mkono. Hiki cha kushoto kina jina la Kidingo, yule aliyekwenda likizo kabla hajabandikwa, akafutwa orodhani. Nimemwuliza kwa nini, akasema..." Bi. Riziki alivuta pumzi. "Amesema, kwani si dada yangu ndiye kavitengeneza."

Nilimwomba aweke simu sikioni mwa Sifa. Nilimwita Sifa, nikamwita mdogo wangu, nikamwita kwa lile jina la utotoni ambalo hakutaka wenzake walijue. Alikuwa anapumua haraka haraka.

"Wote wameingia?" akauliza.

"Wameingia wote. Wanapoa, nawaona hapa. Wote."

"Basi poa," alisema. Nadhani alikuwa ananitania.

Arobaini na moja na pointi sita. Arobaini na mbili. Bi. Riziki alikuwa anamwita, kisha akawa anaita watu wengine, kisha akawa hamwiti mtu. Kwenye kioo mstari wa Mshana Sifaeli ulikatika, na chini yake mashine ikaandika kwa herufi zake ndogo safi: 10:07.

Sikupiga kelele. Nilibaki nimeshika simu. Panya kwenye vizimba walikuwa wamelala, wamejikunja, kama wanavyofanya kila siku wakati huo.

Mzee Hiza alikuwa amefika mwisho wa ukurasa. Majina mia tatu na kumi na moja yalikuwa na alama ya vema. Aliweka kalamu mbele ya jina la mwisho, mkono ukakaa pale pale bila kusogea. Alikuwa anasubiri kuambiwa, yeye ambaye hajawahi kusubiri kuambiwa kitu kwenye daftari lake.

"Mwanangu," aliniuliza, "niandike saa ngapi?"

"Saa nne na dakika saba," nikasema.

Akaandika. Nikaushika mkono wake kabla hajalifunga daftari.

"Asubuhi, mzee. Andika na asubuhi."